Watoto wa Kanela

"Usimkate."

Sifis hakugeuka. Sauti ile angeitambua hata ingemfikia kutoka ng'ambo ya bonde, lakini asubuhi hiyo, badala ya kumrusha moyo kama siku zote, ilimwingia kama maji baridi ndani ya kola. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umemlaza mtoto wa mbwa chali. Wa kulia ulishika mkasi wa marehemu mama yake.

"Nani kakuruhusu kuingia?"

"Mlango uko wazi. Nimemletea baba yako makomamanga." Rodanthi alitua kikapu juu ya nyasi kavu, akausukuma mlango wa banda kwa mgongo mpaka ukafungika. "Huo mkasi wa nini?"

"Rudi nyumbani, Rodanthi."

"Nimekuuliza."

Kanela, jike la rangi ya mdalasini, alikuwa amelala pembeni juu ya gunia, watoto wengine watano wakinyonya na kusukumana. Alipomwona msichana alipiga mkia sakafuni mara moja, basi. Hata yeye hakutaka kumtazama bwana wake usoni.

Rodanthi alipiga magoti. Alikuwa binti wa mfuga kondoo; mikono yake ilikuwa imezoea viumbe wachanga. Alimtoa yule mdogo kiganjani kwa Sifis, akampapasa masikio, tumbo, mkia, halafu akafika kwenye mguu wa nyuma. Kidole gumba chake kikasimama. Juu kidogo ya wayo, upande wa ndani, vilikuwa vimening'inia vidole viwili vya ziada, laini kama punje za mahindi mabichi. Akaugeuza mguu wa pili. Viwili tena.

Rangi ikamtoka usoni.

"Huu mguu wa Arkudos," akanong'ona.

"Kumbe unaujua."

"Nimekulia naye zizini, nitaacha kuujua?"

Na nani kijijini Prinohori asiyeujua? Arkudos alikuwa dume la kulinda kondoo wa Polihronis, baba yake Rodanthi, mbwa mzito mwenye shingo ya ng'ombe. Polihronis alipenda kutamba kwamba mbwa mwenye vidole sita nyuma, badala ya vinne, hatelezi kwenye mawe, na kwamba mguu ule haupatikani kwingine mlimani ila zizini kwake.

"Wangapi?"

"Wote."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu walipozaliwa."

"Wiki nne, Sifis! Wiki nne unapita chini ya dirisha langu unapiga mluzi kama mtu asiye na shida."

Alimtazama. Macho yake meusi, ambayo Sifis alikuwa ameyatungia beti zisizo na idadi, sasa yalimchoma vibaya, naye akayashusha yake kwenye nyasi.

Hakuwa na haja ya kuulizwa ni siku gani. Ilikuwa sikukuu ya Mama wa Mungu, katikati ya Agosti, kijiji kizima kimeshuka kanisani. Kanela alikuwa kwenye joto. Siku chache nyuma alikuwa amepelekwa kwa dume la mwindaji Vardis, na kwa sheria ya baba yake Sifis, jike likishapelekwa kwa dume lake hufungiwa ndani na mtu wa nyumbani hulala mlangoni mpaka joto liishe. Sifis ndiye aliyeachwa mlangoni. Lakini alikuwa amesikia kwamba Rodanthi hakushuka, kwamba kichwa kinamuuma, kwamba amebaki peke yake zizini akikoroga maziwa ya jibini. Kumwacha Kanela hakuthubutu. Kukaa hakuweza. Basi akamfunga kamba, akapanda naye.

Alimfunga kwenye mwaloni nje ya zizi. Halafu akasimama mlangoni, kifua mbele, akatoa ubeti wake:

*Wote wameenda chini, kumwomba Mama mbinguni,*
*Nami mbio milimani, mbingu yangu i zizini.*

Rodanthi alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mbingu gani inanuka maziwa?" Alimpa jibini na mkate. Walikaa. Rodanthi alimshika mkono, na walipoachana mkono ule ulinuka moshi mpaka jioni, naye hakuunawa. Aliporudi mwaloni alimkuta Kanela amekaa kwa utulivu, kamba imelegea, na Arkudos akijilamba kwenye mnyororo wake hatua chache kutoka pale. Sifis hakufikiri lolote. Mtu aliyeshikwa mkono kwa mara ya kwanza hatazami mafundo.

"Ulimfunga vipi?" Rodanthi aliuliza sasa.

"Nilimfunga."

"Ulifunga kama mtu anayefunga kiatu huku anakimbia."

"Sawa! Nilifunga ovyo. Nilikuwa nakuwaza wewe." Akanyoosha mkono. "Nirudishie. Kesho watu wanakuja kuchagua mbwa wao."

"Na ukishakata?"

"Kidonda kidogo, nitapaka pombe ya raki na majivu. Rangi haisemi kitu, ukoo wa mbwa wetu wa kuwinda una rangi zote. Masikio yote yananing'inia umri huu. Ni mguu tu. Mguu ukinyamaza, hakuna atakayejua."

"Baba yako je?"

Baba yake Sifis, mzee Haridimos, alikuwa na ukungu machoni; alitofautisha mchana na giza, na watu kwa vikohozi vyao. Tena kwa desturi yake hagusi kichanga cha mbwa mpaka siku ya kuchagua.

"Sifis, huyu mzee amekufa kwa ajili ya hawa mbwa na bado anatembea. Aliuza shamba la mizabibu tuta kwa tuta awanunulie unga. Ndugu yake alimwita Iraklio wafungue duka, akakataa kwa sababu mjini hakuna pa kukimbiza sungura. Mama yako..."

"Mama yangu muache."

"Mama yako aliomba picha yake itundikwe juu kuliko ya mbwa, ndilo ombi lake la mwisho, na watu walicheka mazishini huku wanalia. Sasa wewe uwape watu mbwa wa zizi, kwa jina la mzee, naye amekaa hapo anawabariki? Kanela ndiye jike la mwisho nyumbani kwenu, na amezeeka. Hatazaa tena."

"Unadhani sijui?" Sauti ya Sifis ilipanda, watoto wa mbwa wakaacha kunyonya. "Unataka niseme nini? Kwamba Kanela alitoroka? Arkudos alikuwa kwenye mnyororo, baba yako alimfunga mwenyewe. Kwa hiyo Kanela ndiye aliyefika zizini. Nani alimleta? Mimi. Zizini alikuwepo nani? Watahesabu nyuma mpaka sikukuu, na watakukuta umekaa pale na kichwa chako kinachouma!"

"Tulikula jibini."

"Tulikula jibini! Nenda kawaambie. Vardis atacheka mpaka Pasaka."

Nje mtu alipita na punda, akasalimia ua mtupu, akaenda zake.

"Kesho wakishachagua," Sifis alisema kwa sauti ya chini, "wakiwa wamefurahi, baba ataongea na baba yako. Amefua shati jeupe. Unajua baba yako anavyosema: simpi binti yangu mtu anayelala na mbwa. Siku pekee ambayo sisi ni watu mbele yake ni siku ya kuchagua. Nikisema ukweli, leo ndiyo mara ya mwisho unaniona kwa karibu hivi. Nafanya kwa ajili ya jina lako."

"Jina langu usiliweke kwenye huo mkasi."

"Rodanthi..."

"Hapana. Usiniambie ni kwa ajili yangu. Unamwogopa Vardis. Unaogopa kuchekwa, wewe bingwa wa kucheka wenzako." Alisimama, akageuka mlangoni ajipanguse macho kwa upindo wa kitambaa, akahangaika kidogo na kikapu chake. "Kata basi. Ukimaliza kuwakata hao, hesabu na mimi umenikata."

Akatoka. Sifis alibaki na mkasi wake. Alitaka kumkimbilia, na alitaka kumtukana, na alifanya lililokuwa rahisi zaidi: alikaa chini akamaliza kazi. Walilia kwa sauti nyembamba. Kanela hakubweka. Alisimama tu, akaja kulamba kila mguu uliokatwa, na baada ya mguu alilamba mkono ulioukata, na hapo Sifis alihisi uso wake unawaka kama mtu aliyepigwa kofi hadharani.

Alipohesabu walikuwa watano. Makomamanga mawili yalikuwa yameanguka kwenye nyasi, pale kikapu kilipokuwa.

*

Mtambo wa raki ulikuwa ukichemka tangu alfajiri. Ilikuwa Novemba, maganda ya zabibu yamechachuka, na wanaume walikuwa wamekaa mezani kuzunguka lile sufuria la shaba wakila viazi vya kuchomwa kwenye majivu na nyama ya nguruwe. Raki ilitoka kwenye bomba nyembamba kama uzi, bado ya moto. Haridimos alikuwa kwenye kiti kifupi, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi na mwanamume, kola upande.

"Mzee leo bwana harusi!" alipaza sauti Vardis, mwindaji mnene mwenye kicheko cha debe. Dume lilikuwa lake, kwa hiyo na chaguo la kwanza lilikuwa lake. Ndivyo ilivyo, mwenye dume hutangulia, na hakuna mtu anayetaja malipo kwenye mbwa wa Haridimos. "Unanukia sabuni! Kuna nini?"

"Subiri utaona," alisema mzee akitabasamu kuelekea alikodhani ndiko aliko Polihronis.

Polihronis alikuwa upande wa pili, masharubu ya kijivu, fimbo yake ya kondoo kati ya magoti. Hakutabasamu. Alikuwa amekuja kwa ajili ya raki.

"Sifis, leta."

Sifis aliweka kapu miguuni kwa baba yake. Tangu jana alikuwa hajala, na harufu ya nyama ilimkera.

"Sita," alisema mzee.

"Watano, baba. Mmoja alikufa."

"Hukuniambia."

"Alikufa jana."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za msiba wa mbali. Halafu akainua mkono, na wote wakanyamaza. Hata Vardis aliacha kutafuna. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mara: hakuna anayesema mpaka Haridimos amgeuze mtoto wa mbwa mikononi na kumtangaza. Mikono ile ilimbeba bibi yake Kanela akiwa kichanga ndani ya koti kuvuka mlima wa theluji, mzee alipopewa na mjane mmoja kule Sfakia baada ya kukaa kizingitini kwake mpaka mama yule akachoka kumfukuza.

Alimchukua wa kwanza. Kichwa, meno, kifua, mkia. Uso wake ulilainika kama wa mtu anayesoma barua ya mpenzi. Halafu kidole gumba kikateremka kwenye mguu wa nyuma.

Kikasimama.

Kikagusa tena kovu bichi. Kikavuka kwenye mguu wa pili. Mzee alimweka yule mtoto mapajani bila neno, akachukua wa pili, moja kwa moja kwenye miguu. Wa tatu. Hakugusa tena vichwa. Sifis aliutazama ule uso aliokuwa ameutazama maisha yake yote, akaona kitu kinazimika ndani yake polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Vipi, mzee?" Vardis alishindwa kuvumilia. "Nichague au tuongeze viazi?"

Haridimos aliinua uso. Alimgeukia mwanawe. Macho yale yasiyoona yalimpata sawasawa.

"Ni..." alisema. "Hawa ni wa..."

Sifis akaelewa. Mzee atasema. Mtu ambaye aliwahi kurudi kijiji cha tatu kwa miguu kumwambia mwenzake kwamba mbwa aliyempa ana jino moja baya, atasema uongo mbele ya watu, leo, kwa shati jeupe, kwa sababu ya mwanawe.

"Usiseme, baba!"

Watu wote wakageuka.

"Si wa ukoo wetu," Sifis alisema. "Nimewakata vidole vya nyuma. Ni watoto wa Arkudos."

Raki iliendelea kutiririka, chupa ikafurika, hakuna aliyeibadilisha.

Vardis ndiye wa kwanza kupata pumzi. "Arkudos? Yule dubu?" Akacheka, halafu kicheko kikapata ncha. "Ebu ngoja. Mwaka jana, kwenye meza hii hii, kuna kijana alinisomea ubeti juu ya yule mbwa wangu wa langoni. Mliokuwepo mnakumbuka. Urudie, Sifis. Tuburudike."

"Vardis..."

"Urudie, bwana! Ulikuwa mzuri."

Sifis alifunga macho. Ubeti ulitoka peke yake, kama mtu anayetapika:

*Mbwa wako ni wa njiani, babake hajulikani,*
*Wangu mwite kileleni, atakujibu ni nani.*

Safari ile wote walipiga meza. Safari hii hakuna aliyepiga hata goti. Alitafuta ubeti wa kujibu, yeye ambaye ulimi wake haukuwahi kukosa neno, na hapakuwa na kitu.

"Mbwa wangu alikuwa kwenye mnyororo majira yote ya joto," Polihronis alisema. Alisema taratibu, na kila mtu akasogea nyuma kidogo. "Hakwenda mahali. Kwa hiyo jike lenu ndilo lililopanda kwangu. Lini?"

Wanaume walianza kuhesabu kwa vidole.

"Wana wiki nne," mtu mmoja alisaidia. "Ongeza miezi miwili ya mimba..."

"Sikukuu ya Mama wa Mungu," Vardis alisema, na mara alipolisema akatamani kulirudisha neno lake, kwa maana aliona fimbo ya Polihronis imehama kutoka magotini kwenda mkononi. Sikukuu ile wote walikumbuka ni nani hakushuka kanisani.

"Ulifuata nini zizini kwangu?" aliuliza Polihronis.

Sifis alimtazama machoni.

"Jibini," alisema. "Nilipanda kuiba jibini. Hapakuwa na mtu. Niliingia, nikaiba, nikatoka."

Alisikia baba yake akivuta pumzi. Mwizi. Kwenye milima ile mtu anaweza kusamehewa kisu, lakini kijana anayemwibia jirani jibini sikukuu, huyo hata mbwa hawamlindi. Alilitamka neno hilo mwenyewe, kwa kinywa chake kile chenye majivuno, na akasimama akingoja fimbo.

"Hakuiba."

Rodanthi alikuwa kwenye mlango wa jengo la mtambo, kitambaa kimemteleza mabegani, kikapu mkononi. Mama zake wadogo wawili walimshika nyuma, akajitoa. Alitembea mpaka mezani, katikati ya wanaume, akaingiza mkono chini ya makomamanga, akamtoa mtoto wa mbwa. Akamweka juu ya meza, kati ya maganda ya viazi na chembe nyekundu za komamanga. Miguu yake ya nyuma ilikuwa mizima, vidole sita kila mmoja.

"Jibini nilimpa mwenyewe, baba. Na mkate. Alikula amekaa, mlango wazi. Akanisomea ubeti mmoja wa kijinga, na huyo Kanela wake alikuwa amefungwa nje kwa fundo la kijinga zaidi. Basi. Anayetaka kuongeza kitu, aongeze hapa mbele yangu."

Hakuna aliyeongeza. Vardis alikuwa akitazama viatu vyake.

Polihronis alimgeuza yule mtoto kwa vidole viwili, akatazama mguu. Aliutazama muda mrefu kupita ilivyohitajika. Sifis aliona masikio ya mzee yule yamekuwa mekundu, akajua kwamba hata mtu mgumu huaibika, na kwamba ni yeye aliyemfanyia.

"Wa Arkudos huenda kwa Arkudos," Polihronis alisema. Alivua koti, akawakusanya wote sita ndani yake. "Rodanthi. Garini."

Alipita karibu na Sifis bila kumtazama. Rodanthi alimtazama. Mara moja tu, akiwa anapanda nyuma ya pikapu: hakuwa na hasira tena, wala hakuwa na ahadi. Halafu vumbi.

*

Watu waliondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa sauti za mazishini. Baba na mwana walibaki kwenye moto unaofifia. Haridimos alikuwa akijifuta mikono kwenye suruali, tena na tena.

"Nilikuwa nimefika kwenye 'ni', sivyo?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ungechelewa kidogo, ningemaliza."

"Najua."

"Maisha yangu yote sijamdanganya mtu juu ya mbwa. Leo nilikuwa na neno mdomoni." Aliinamisha kichwa. "Usijidhani wewe peke yako ndiye wa kuona aibu hapa."

Sifis alipiga magoti mbele yake, akaweka paji la uso kwenye yale magoti makavu. Alitaka kulia, machozi hayakumpa heshima hiyo.

"Nimemaliza ukoo wako, baba."

"Hujaumaliza. Kuna dada yake Kanela, nilimpa Vardis zamani. Ana binti. Mwenye kupewa, ukimwomba hurudisha. Ila mimi sijawahi kuomba. Utaomba wewe."

"Kwa Vardis?"

"Kwa Vardis. Na ubeti wako uumeze kwanza." Mkono wa mzee ulishuka juu ya nywele zake, ukamkamata, haukupapasa. "Lakini kabla ya hilo. Ulikata na nini?"

"Mkasi wa mama."

"Ulichemsha?"

"Hapana."

"Basi vitaoza. Vidonda ulivyotia wewe utaviosha wewe. Kila siku, mpaka vifunge."

"Baba, wako kwa Polihronis."

"Najua waliko. Mimi kipofu, si mjinga."

Asubuhi iliyofuata, jua limeshatoka, Sifis alipita barabara kuu ya kijiji na chupa ya raki na pamba safi. Kulikuwa na njia ya nyuma kupitia mizeituni, njia yake ya siku zote. Hakuifuata. Alipita mbele ya duka la kahawa, mbele ya kanisa, mbele ya mlango wa Vardis, na kwa mara ya kwanza tangu alipojua kutembea hapakuwa na mbwa aliyetangulia mbele yake. Watu walisimamisha vikombe. Alisalimia kila mmoja kwa jina. Wengine walijibu.

Polihronis alikuwa langoni mwa zizi. Nyuma yake Arkudos alinguruma, mnyororo ukanyooka.

"Nani kakuita?"

"Hakuna, mzee."

"Umekuja kwa nani?"

"Kwa mbwa. Vidonda havikusafishwa. Kwa mwingine nitakuja siku baba yangu atakapoweza tena kuvaa lile shati."

Mzee alimpima kuanzia buti hadi nywele. Upepo wa mlima Psiloriti ulipita kati yao.

"Jike lako liko wapi?"

"Nyumbani. Nimelifunga. Fundo nimelirudia mara mbili."

Kitu kilisogea chini ya masharubu ya Polihronis, kisha kikajificha. Hakusema karibu. Alisogea tu, upana wa mtu mmoja.

Ndani, Rodanthi alikuwa amekaa kwenye kigoda, watoto sita kwenye koti la baba yake. Hakusalimia. Alimchukua wa kwanza, akamlaza chali mapajani, akaunyoosha mguu mgonjwa na kuushika kwa uthabiti. Sifis alipiga magoti, akalowesha pamba. Mtoto alilia. Mikono yao ilikuwa karibu kiasi kwamba alihisi joto la vidole vyake, na hakuvigusa.

"Osha vizuri," alisema Polihronis kutoka mlangoni. Alikuwa ameketi kizingitini, mgongo kwenye mwimo, fimbo magotini. "Mimi nipo hapa. Sina safari."

Sifis aliosha. Uso ulimwaka mpaka masikioni, mbele ya baba, mbele ya binti, mbele ya Arkudos. Alipomaliza mguu wa kwanza, Rodanthi aliugeuza wa pili, akamsogezea.